Mnara Unaopenda Sifa

Kuna nchi inaitwa Himahima. Msiniulize iko upande gani. Mimi nimeambiwa tu kwamba iko, na kwamba wanaokwenda huko hurudi wamekuwa wapole sana. Ni nchi nzuri, jamani. Ina bendera, ina wimbo, ina mnara mmoja mrefu wa simu katikati ya mji, na ina Rais ambaye hakuna anayethubutu kumtaja kwa jina. Humwita Baba Mnara, kwa sababu aliuzindua mnara huo yeye mwenyewe, kwa mkasi wake mwenyewe, akaukata utepe vipande vipande mpaka mkono ukamuuma. Siku mkono ulipomuuma ni sikukuu ya taifa, na maduka yote hufungwa.

Zamani palikuwa na minong'ono kwamba mtandao wa Himahima ni wa kobe. Uzushi mtupu! Wizara ya Kasi ililichunguza jambo hilo kwa makini, ikakuta kwamba mtandao una kasi ya kutisha, ila wananchi ndio wanaoupokea polepole. Ikapitishwa sheria. Tangu hapo, kusema mtandao unasumbua kukawa kosa kubwa, na watu wenye adabu zao, simu zikikwama, wakawa wanasema wamechoka wao.

Katika nchi hiyo, mtaa wa Mabatini, alikaa msusi mmoja, Bi Siwatu, mjane, mwenye mtoto mmoja tu wa kiume. Mtoto ni namna ya kusema, maana Kibwana alikuwa mwanamume wa ndevu, fundi wa simu mbovu, mpole, mbishi kidogo akishiba. Sasa asubuhi moja ukuta wa Wizara ya Kasi ulikutwa umechorwa duara kwa mkaa. Duara tupu, bila neno. Lakini nani asiyelijua duara lile? Ndilo linalozunguka kwenye kioo cha simu mtu anaposubiri mtandao uje, anazeeka huku analitazama. Waziri alipofika kazini akalikodolea macho mpaka akadhani linazunguka, akaanguka chini.

Askari wakatafuta nani analifahamu duara kuliko wengine, wakamkuta Kibwana, kwa kuwa watu humpelekea simu zao likizunguka. Wakambeba. Na usiku ule duara linachorwa, Kibwana alikuwa amekaa chini sakafuni kwao, kichwa katikati ya magoti ya mama yake, anasukwa mtindo wa twende kilioni, analalamika kwamba anavutwa nywele. Bi Siwatu alilijua hilo peke yake, na Mungu wake.

Ungedhani ni jambo jepesi: mama aende mahakamani akaseme. Ehe, aende wapi? Jengo la mahakama lilikwisha kupewa Wizara ya Kasi, kwa ajili ya mapumziko ya maafisa wanaochoka kwa kukimbia. Kesi za Himahima zinasikilizwa kwa mtandao, kila mtu nyumbani kwake. Na sheria iko wazi: shahidi ambaye picha yake imeganda anahesabiwa amefariki dunia, na marehemu hana ushahidi. Anayekutwa na hatia hupelekwa Kisiwa cha Subira, ambako hakuna mnara, wala barua haifiki, wala hajarudi mtu hata mmoja akasema pakoje.

Basi shida ya Bi Siwatu ikawa hiyo tu. Alihitaji mtandao wa nyumbani kwake ukimbie kiasi cha kumwezesha kusema maneno machache: mwanangu alikuwa nyumbani, nilikuwa namsuka.

*

Akaanza na ile ruta, kisanduku cheupe chenye laini ya simu ndani, ambacho Wizara ilimgawia kila mwananchi atake asitake. Akasikia kwamba mawimbi yanapenda juu, akaipandisha juu ya kabati. Duara likazunguka. Akasikia yanapenda hewa, akaihamishia dirishani, akang'oa na pazia. Duara likazunguka. Akaiwekea sufuria nyuma yake kuyakinga mawimbi yasimpite yakaenda kwa jirani. Jirani upande wa pili, Mama Chausiku, muuza dagaa, akamkuta ameikumbatia ruta kifuani anazunguka nayo uani, akamwuliza kama ina homa.

"Shoga, usinicheke," Bi Siwatu akasema. "Kesi ni mwezi ujao. Nikiganda mimi, mwanangu amekwisha."

"Siwezi kukucheka, bibi wee. Ya kwangu nilikwisha kuipandisha juu ya mti wa mwembe, ikashuka na siafu."

Wizara nayo haikulala. Ilisikia kwamba kuta huzuia mawimbi, ikatoa amri kila nyumba itobolewe upande unaoelekea mnara, tundu la mtu kupita amebeba gunia, na tundu hilo liitwe Dirisha la Taifa. Wakaja vijana wa Wizara na nyundo. Nyumba ya Mzee Lichela, mwisho wa mtaa, ilikuwa imeshikwa na ukuta huo huo mmoja, wa upande wa mnara. Akawaambia, wanangu, huu ndio unaobeba paa. Wakamjibu kwamba asilete siasa. Paa likamshukia yeye na godoro lake. Waziri alikuja mazikoni, akalia kwa sauti kubwa, akawatuliza wafiwa kwa kuwahakikishia kwamba marehemu alifia katika eneo lenye mawimbi mazuri kupita yote mtaani. Wafiwa wakashukuru. Mtandao ukabaki pale pale, na mvua ya mwaka ule ikapata pa kuingilia.

Mwisho Bi Siwatu akamwita Afisa Kasi wa Kata, Bwana Fumbwe, aje aupime mtandao wake. Bwana Fumbwe alikuja kwa mwendo wa harusi, tumbo mbele, akakaa kwenye kiti cha wateja, akaagiza maji ya kunywa, akaagiza na ya kunawa. Kisha akafungua simu, akatafuta hotuba ya Baba Mnara. Hotuba ikafunguka hapo hapo, safi, hata nywele za pua za Mtukufu zilionekana.

"Umeona?" akasema. "Maji kabisa haya. Mtandao wako mzima, mama."

"Hiyo hotuba siku zote haisumbui, Bwana Afisa. Lakini nikimpigia dada yangu, sipati hata salamu."

"Dada yako ni Rais?"

"La."

"Sasa unalinganisha nini na nini?"

Akasimama, akajinyoosha. Mlangoni akamgeukia kwa huruma, akamwambia apunguze wasiwasi, kwa sababu wataalamu wamegundua kwamba wasiwasi wa mtumiaji hupunguza kasi. Bi Siwatu akamtazama akienda, akameza maneno ambayo yangempeleka yeye kisiwani kabla ya mwanawe.

*

Siku ile ile jioni Waziri wa Kasi akahutubia taifa. Huyu bwana jina lake kamili ni Mheshimiwa Daktari Profesa Mhandisi Makupa, na asipotajwa lote huanza upya.

"Ndugu wananchi," akasema, "utafiti wa kina uliofanyika ofisini kwangu baada ya chakula cha mchana umebaini chanzo cha msongamano. Mnazungumza mno! Na mnazungumza nini? Mmeamkaje, mmekula nini, mgonjwa anaendeleaje. Mnara unabebeshwa mambo yenu, unachoka. Sasa najiuliza, ni haki gani mtu anayelalamika apewe kasi sawa na mtu anayeshukuru? Kuanzia kesho, mnara wetu umewekewa masikio. Ukishukuru, utakufungulia. Ukiacha kushukuru, nao utapumzika. Hii, ndugu zangu, ndiyo Sheria ya Kipaumbele cha Shukrani, na hakuna taifa jingine duniani lililoifikiria."

Hapo alisema kweli.

Watu wa Himahima ni wepesi wa kujifunza, hilo wapewe. Wiki haikwisha, mji mzima umeshazoea. Mtu akimpigia simu mkewe, husema, Aishi Baba Mnara, weka chungu jikoni, Aishi Baba Mnara, niko njiani. Wapenzi walichumbiana hivyo. Waliofiwa walipeana taarifa hivyo. Mama Chausiku aliwauzia wateja wake dagaa huku anamsifu Mtukufu kwa pumzi moja, na hakukosea bei.

"Lazima neno lako ulifiche katikati," akamfundisha Bi Siwatu. "Sifa mbele, sifa nyuma, neno dogo katikati, harakaharaka, mnara usigutuke. Ukilirefusha tu, linazama."

"Na neno la mahakamani litafichika?"

Mama Chausiku akakiweka sawa kikapu chake. "Dagaa ni dagaa, shoga. La mahakamani sijui."

Siku zote zilizobaki Bi Siwatu alifanya mazoezi. Alisuka vichwa vya watu midomo inamchezacheza. Wateja walidhani anasali. Na Kibwana wakati huo alikuwa mahabusu, alikamatwa kabla ya sheria hiyo kutoka, na mahabusu hawaambiwi habari za maendeleo.

*

Ikafika asubuhi ya kesi. Bi Siwatu alivaa kanga mpya, akaiweka ruta dirishani, akaweka sufuria nyuma yake, akaketi mbele ya simu iliyoegemezwa kwenye chupa ya mafuta ya nywele. Bwana Fumbwe naye alikuwepo, kwa mujibu wa sheria, kushuhudia kwamba lolote likiharibika kosa si la mtandao.

Kwenye kioo akatokea Hakimu Ndauga, joho juu na msuli chini, anamenya karanga.

"Shahidi, tueleze unachokijua. Kwa ufupi."

Bi Siwatu akavuta pumzi. "Aishi Baba Mnara, kwa neema yake usiku ule mwanangu alikuwa nyumbani, ahsante Baba Mnara mwenye huruma, nilikuwa namsuka nywele kwa mikono yangu hii, Aishi Baba Mnara!"

Akasema vizuri, wallahi, bila kukwama. Hakimu akamwambia karani asome kilichofika. Karani akasafisha koo.

"Shahidi amesema: Aishi Baba Mnara, kwa neema yake usiku ule. Ahsante Baba Mnara mwenye huruma. Kwa mikono yangu hii, Aishi Baba Mnara."

"Ushahidi mzuri sana," Hakimu akasema. "Ila sijaelewa hapo kwenye mikono. Mikono yako imefanya nini, mama? Ndiyo iliyochora?"

 Bi Siwatu akasahau mafunzo yote, akasahau sifa, akaishika simu kwa mikono miwili, akapiga kelele: "Alikuwa nyumbani! Alikuwa hapa, kichwa chake hapa magotini kwangu! Nilikuwa namsuka mwanangu!"

Picha ikaganda, yeye mdomo wazi.

"Umefariki, mama," Bwana Fumbwe akamwambia taratibu, akatoa kofia.

Bi Siwatu akamwaga sifa zote anazozijua, tena kwa machozi, mpaka kioo kikafunguka. Akamkuta Hakimu anamalizia kusoma. "Mahakama inatoa pole kwa kifo cha ghafla cha shahidi pekee wa utetezi. Mungu ailaze roho yake pema. Mshtakiwa atakwenda Kisiwa cha Subira, maisha."

"Mheshimiwa, mimi ni mzima! Aishi Baba Mnara, mimi hapa, mzima!"

"Namwona," Hakimu akasema, akitafuna. "Sheria ndiyo haimwoni. Hata hivyo, kwa ubinadamu unaotambulikana duniani kote, marehemu ataruhusiwa kumuaga mwanawe. Mtaonana mpaka picha igande. Ikiganda, boti inaondoka."

Walinzi wa gereza waliipenda sana kanuni hiyo, maana kuagana kote huku hukwisha kabla mtu hajamaliza kusema salamu, na boti huwahi chakula.

*

Akatokea Kibwana. Wamemkalisha kwenye kiti cha chuma, mlango uko wazi nyuma yake. Amekonda. Zile nywele alizosukwa na mama yake hazijafumuliwa, zimeota nyingine chini, zimetimka.

"Mama," akasema.

"Kibwana, baba yangu, umekula? Wamekupiga?"

Uso wa Kibwana ukaanza kukatikakatika, jicho huku, mdomo kule. Bi Siwatu akashtuka. Akakumbuka boti.

"Aishi Baba Mnara!" akapaza sauti. "Aishi milele! Ahsante kwa mnara, ahsante kwa mawimbi, ahsante kwa kasi!"

Uso ukarudi wote, mzima, karibu kana kwamba angeweza kumfuta jasho.

"Mama, unasema nini?"

"Baba Mnara mwenye huruma! Baba yetu, mlezi wetu, tungekuwa wapi bila wewe!"

Kibwana akamtazama. Bi Siwatu akajaribu kumweleza kwa mikono. Akashika sikio lake, kuonyesha kwamba mnara unasikia. Akanyoosha kidole juu, kwenye tundu la ukuta, kuonyesha mnara wenyewe. Mdomo huku haupumziki, unasifu. Na Kibwana alichoona ni mama yake amejishika sikio, mkono juu, anamwimbia Baba Mnara kama kwenye maandamano.

"Wamekupa nini?" akauliza kwa sauti ndogo. "Mama, wamekupa nini?"

Bi Siwatu akatikisa kichwa, hapana, hapana, huku anasema ndiyo Baba Mnara, ndiyo mpenzi wa wanyonge. Machozi yakamshuka. Mlinzi kule akamwambia Kibwana, "Ona mama yako anavyolia kwa furaha. Mzazi mzalendo huyu."

Sauti ikaanza kumkauka. Akakohoa tu, na picha ikatetemeka. Mama Chausiku, aliyekuwa amesimama kwenye Dirisha la Taifa akitazama, hakuvumilia. Akaingia na kikapu chake kichwani, akapokea: "Aishi Baba Mnara!" Akawaita wengine. Wakaja majirani, wakaja wateja, akaja hata mjane wa Mzee Lichela, na kilemba cheusi cha msiba. Hawakuja kwa ubaya, Mungu anajua. Walijazana nyuma ya Bi Siwatu wakasifu kwa nguvu zao zote, wakapiga vigelegele, wakapiga makofi, ili boti ya yule kijana isiondoke.

Mtandao ukawa na kasi ambayo Himahima haijapata kuiona. Bi Siwatu akaona nafasi, akainama mpaka pua ikagusa kioo, akasema la moyoni: "Ni kwa ajili yako, mwanangu! Tukinyamaza wanakuchukua! Ni kwa ajili yako!" Maneno yakapita, yakafika. Ila yalifika chini ya kelele za mtaa mzima, na Kibwana hakusikia hata moja. Aliona midomo ya mama yake inachezacheza pamoja na ya wengine.

Akawatazama wote, mmoja mmoja, watu waliomlea. Kisha akageuka kwa mlinzi.

"Afande, twendeni."

"Bado," mlinzi akasema, naye anashangaa. "Picha haijaganda. Unayo haki ya kukaa."

"Nimesema twendeni. Sitaki kumwona."

Akasimama mwenyewe. Mlinzi akamfuata mbio. Simu hawakuizima, kwa kuwa kanuni inakataza kuizima kabla haijaganda, na watu wa magereza ya Himahima hawavunji kanuni.

Vigelegele vikapungua. Makofi yakaisha. Mama Chausiku akateremsha kikapu, akakaa chini, akajifunika uso kwa upindo wa kanga. Majirani wakatoka mmoja mmoja, kwa kunyata, bila kuagana. Bwana Fumbwe peke yake ndiye aliyebaki na uso mkunjufu. Akapima, akapima tena, akamwambia Bi Siwatu kwamba nyumba yake ndiyo ya kwanza kwa kasi katika kata nzima.

Bi Siwatu hakumgeukia. Kiti cha chuma kilikuwa mbele yake, na mlango uko wazi, na mtu akitoka mlangoni anaweza kurudi. Sauti yake ilikuwa imebaki mkwaruzo. "Aishi," alisema. "Aishi Baba Mnara. Ahsante, baba. Ahsante." Alisema hivyo mchana kutwa, na picha ya kiti kile haikuganda hata mara moja.